Paka hayumo kwenye maneno

Mpwa wangu ana miaka minne na kitabu chake kipenzi anakiita kitabu cha paka. Sasa mie nikwambieni, kitabu chenyewe ni cha kunawa mikono. Ni vile vitabu vyembamba vya rangi vinavyogaiwa skuli za maandalizi, jalada lina mama na mtoto na ndoo ya maji yenye bomba, na nimekipitia neno kwa neno, paka hakutajwa hata mara moja. Ila mchoraji, Mungu ampe kheri popote alipo, ukurasa wa tatu kule pembeni kachora paka kakaa juu ya ukuta anachungulia jikoni, na jikoni pana samaki, changu, kwenye sahani. Ukurasa wa tano mtoto anajisugua sabuni vidole vyote kumi, na paka mdomoni umemtokeza mkia wa changu. Ukurasa wa saba wote wameshakaa mkekani, mama kashika sahani tupu anashangaa, paka kalala chali tumbo limetuna kama puto. Hadithi nzima hiyo, ina mwanzo na kati na mwisho, na mwandishi hana khabari nayo kabisa.

Mie mwenyewe nilipokisoma mara ya mwanzo sikumuona. Nimekaa barazani nasoma kwa sauti ya kiualimu, kabla ya kula tunawe mikono kwa maji yanayotiririka, na mtoto anacheka mpaka anajikunja, nikadhani labda nimejipaka wino usoni. "Mjomba, kwani humuoni?" Simuoni nani. Akanitazama kwa huruma, vile tunavowatazama watalii waliopotea vichochoro vya Mkunazini hapa Unguja mjini na ramani wanayo mkononi.

Tokea siku hiyo nimekuwa navifikiria vitabu vya kuchekesha vya watoto kuliko inavomfaa mtu wa umri wangu, na nimefika pahala nna neno moja la kusema. Vitabu vyetu vingi vya picha haviwachekeshi watoto kwa sababu picha na maneno vinasema kitu kile kile. Maneno yanasema Juma yuko juu ya mti, na picha ni Juma yuko juu ya mti. Mtoto asojua kusoma kashamuona Juma tokea ulipofungua ukurasa, sa weye unakuja na maneno yako kumpa khabari aloipata mwanzo. Kichekesho kinataka mwanya wa kuingilia, na hapo mwanya hamna, pamezibwa kwa saruji.

Kitabu cha picha kikitengenezwa na mtu anaejua ni mchezo wa watu wawili waliokaa pamoja wanasoma vitu viwili mbali mbali. Mkubwa anasoma maneno, mdogo anasoma picha, na mdogo anakiona kitu ambacho mkubwa hajakitaja. Hebu yafikirie maisha ya mtoto wa miaka minne. Siku nzima yeye ndo asojua. Hajui saa ngapi, hajui kufunga kiatu, hajui kwa nini leo hatwendi Forodhani na jana tulikwenda, kila mtu mle ndani anamzidi kwa kila kitu mpaka yule kaka yake wa miaka sita. Halafu hapa kwenye kitabu, kwa dakika tano, yeye anajua na mjomba hajui. Kile kicheko nilichokisikia pale barazani mie naamini robo yake ilikuwa ya paka na robo tatu ilikuwa ya kunicheka mie.

Watu wengi wanaotaka kutengeneza kitabu cha kuchekesha wanaanzia kwengine. Wanamvisha simba suruali, wanamchorea mwalimu pua kama bilingani, wanampa ng'ombe miwani ya jua, halafu maneno chini yake makavu kau kama tangazo la mkutano wa shehia. Pua ya bilingani mtoto anaicheka mara moja. Mara ya pili kashaizoea, na mtoto hasomewi kitabu mara moja, anasomewa mara arubaini, muulize mtu yoyote mwenye mtoto nyumbani. Kichekesho cha kuhimili mara arubaini ni kile ambacho mtoto anakingojea, anajua kinakuja, na anakutazama uso aone kama na leo tena hutokiona.

Mfano mzuri kuliko yote niujuao umetoka Uingereza, mwaka 1968, wa mama mmoja mchoraji akiitwa Pat Hutchins. Kitabu kinaitwa Rosie's Walk na chote kina maneno 32, sentensi moja tu. Kuku katoka kutembea, kakata uwanja, kazunguka bwawa, kapita juu ya tita la nyasi, kapita kando ya kinu cha unga, kapenya uzio, kapita chini ya mizinga ya nyuki, karudi kwake kwa wakati wa chakula. Bas. Ukimsomea mtu kwenye simu atakuuliza sa ndo nini. Lakini kwenye picha, nyuma ya kuku, yumo mbweha anamnyemelea. Akitaka kuruka anakanyaga reki inamkung'uta uso. Akiruka tena anaingia bwawani. Nyasi zinamfukia, unga unammwagikia, mwisho nyuki wanamtoa mbio mpaka anapotea kilimani, na kuku anatembea vile vile shingo juu, hajageuka hata mara moja. Neno mbweha katika yale maneno 32 halimo. Mtu na akili zake alikaa akaliacha makusudi.

Sasa kipeleke kitabu hicho kwenye semina yetu moja ya waandishi, uone. Kitarudi hivi: "Mbweha mwenye tamaa alimfuata kuku. Mbweha alianguka bwawani. Mbweha aliloa." Na ukurasa wa mwisho kwa herufi nene, tamaa mbele mauti nyuma. Wamemuua yule mbweha kweli, si kwa nyuki, kwa maelezo.

Na mie kinachoniuma ni kuwa sisi si wageni wa mambo haya. Bibi yangu wa Wete, Pemba, alikuwa hajui kusoma hata jina lake na alikuwa analijua jambo hili kuliko wengi wenye vyeti. Taa ishapunguzwa, tushajazana kitandani kama dagaa kwenye kanda, anasema "Paukwa!" na anyamaze. Hasemi zaidi mpaka sote tuitikie "Pakawa!", na akiona mmoja kaitikia kivivu anarudia. Halafu anaingia kwenye yale ya chanjagaa alojenga nyumba akakaa, na mwanangu mwana siti vijino kama chikichi, vya kujengea vikuta na vilango vya kupitia. Hebu yasome tena taratibu. Kaa mdogo wa pwani kajenga nyumba, na vijino vya mtoto vimejengewa ukuta, na ukuta una vilango. Hiyo ni picha tayari, tena ya kichaa, mchoraji akiipata anaweza kuishi nayo mwezi mzima, na hatukuwahi kuuliza maana yake ni nini wala bibi hakutwambia. Hadithi ilikuwa inaanza kwa upuuzi makusudi ili tujue tumeshatoka duniani.

Na lile kunyamaza la baada ya Paukwa, hilo ndo kwenye kitabu linakuwa kupindua ukurasa. Watu hawalioni hili. Ukurasa ukiupindua kuna nusu sekunde hakuna kitu, mtoto kazuia pumzi, na kichekesho kinatakiwa kiwe upande wa pili kinamngojea. Vitabu vyetu vinaweka kila kitu pahala pamoja, kushoto mtoto anapanda mnazi, kulia keshaanguka, macho ya mtoto yanakwenda kwenye kuanguka kabla hujamaliza kusoma kupanda. Umemwambia mtu mwisho wa stori mlangoni. Wachapishaji wa nje wengi wanafanya kurasa 32, na sababu yake ya asili ni ya kiwandani tu, karatasi kubwa inachapwa huku na huku na kukunjwa inatoa kurasa 16, mbili ndo 32, lakini waandishi walizoea nafasi hiyo wakajifunza kupiga pozi la kunyamaza ndani yake. Vyetu nilivonavyo mie nyumbani vingi ni kurasa 16, na jalada humo humo, na shukurani, na nembo za wafadhili. Unabakiwa na mipinduo sita. Kwa mipinduo sita mtu huna pa kumchelewesha mtoto.

Hadithi za kujaza kurasa hizo zipo tele. Askofu Edward Steere alizikusanya hapa hapa Unguja akazichapisha London mwaka 1870, na wengi mnaijua ile ya kima na papa. Kima na papa wamefanya urafiki, papa kampakia kima mgongoni ampeleke kwao, wamefika katikati ya bahari papa anamwambia ukweli, sultani wetu mgonjwa na dawa yake ni moyo wa kima. Kima anasema ah, ungenambia mapema ningeuchukua, sie tukitembea mioyo yetu tunaiacha mitini. Papa karudi mbio kumpeleka akaufate. Hebu sasa ichore. Maneno ya kima ni matulivu kabisa, ya mtu anaezungumza kahawani, usoni anatabasamu, lakini kule nyuma mkia wake umejifunga fundo tatu kwa khofu na maji yote yanatetemeka. Papa yuko mbele haoni. Msomaji mkubwa anasoma maneno matulivu. Mtoto anauona mkia. Hadithi ina umri wa kuzidi karne na nusu kwenye maandishi, na huko kwenye vinywa hakuna ajuaye, na ishajitengenezea mwanya wenyewe, sie kazi yetu ni kutouziba tu. Nimewahi kuiona kwenye kitabu cha skuli, picha moja tu, kima juu ya papa wote wanatabasamu kama wamekwenda piknik.

Nikisema hivi wenzangu wananijibu pesa. Ni kweli pesa. Kuchapa kwa rangi nne ni ghali, watoto wetu hapa visiwani si wengi kama wa bara, na mzee wa kawaida akiwa na elfu tano sokoni Darajani hawezi kuchagua kitabu akaacha mkate wa boflo na sabuni. Kwa hivo anaenunua kitabu si mzazi, ni mradi, na mradi unataka kuandika ripoti. Ripoti haiwezi kuandikwa "watoto 300 walicheka". Inataka mafunzo. Ndo mana kila kitabu mwisho kina ule ukurasa wa maswali, umejifunza nini kutokana na hadithi hii. Nilimuuliza mpwa wangu swali hilo kwa uaminifu wote, kama lilivoandikwa. Kanambia kajifunza kuwa paka akitaka samaki angoje watu wanawe. Na hilo, ukitazama picha, ndo jawabu sahihi.

Lakini pesa haimalizi maneno yote, kwa sababu yule paka hakuongeza hata shilingi kwenye gharama. Wino ni ule ule, karatasi ile ile. Kilichokosekana ni mtu wa kumuona mapema akasema huyu paka ndo kitabu, tupunguzeni maneno. Ninavofahamu kwa wachoraji wawili watatu ninaojuana nao, kazi inawafikia ikiwa imeshapikwa na kupakuliwa, ukurasa wa nne mchore mama mwenye furaha, ukurasa wa tano mchore mtoto mwenye furaha, mwandishi hata hamjui, hawajawahi kukaa kwenye kahawa moja. Mchoraji akifanya utani ni wa kuibia, kama mtoto anaechora kwenye dawati. Jamaa mmoja kanihadithia alichora kuku kakalia kofia ya mwalimu, akaambiwa afute maana kwenye maandiko kuku hayupo.

Wapo pia wanaosema mambo ya heshima, kwamba ukimfundisha mtoto kucheka wakubwa umemharibu. Hili nalichukulia kwa uzito, mie si mtu wa kudharau adabu, na nalelewa mpaka leo na shangazi zangu ingawa nna mvi. Lakini huku kwetu Abunuwasi kafanya kazi gani miaka yote? Mtu wa Baghdad, mshairi wa zama za khalifa Harun Rashid, kaja kwetu kwenye hadithi kageuka mjanja wa kuwatia watu vidole vya macho, kaazima sufuria kairudisha na kijisufuria anasema imezaa, wakafurahi, mara ya pili kasema imekufa, wakakasirika. Na wanaotuhadithia walikuwa hao hao wazee wenye heshima zao. Mtoto anajua tafauti ya kucheka kwenye hadithi na kumcheka babu yake mlangoni, na asiejua atachapwa jicho moja tu na mama yake atajua. Kuna na suala la kuchora viumbe vyenye roho, kuna nyumba hawapendi, hilo nawaachia masheikh, mie niseme tu kuwa nyumba hizo hizo nimeona watoto wamekaa na simu wanatazama vidio za katuni masaa mawili, na simu haingoji Pakawa ya mtu, inakwenda tu.

Mie si mwandishi wa watoto lakini nimejaribu kupanga kimoja kichwani nikiwa kwenye daladala ya 505, foleni ikinipa nafasi. Shujaa wake kunguru. Kunguru hawa wa mjini asili yao Bara Hindi, waliletwa Unguja miaka ya 1890 eti wasafishe taka, na wakajifanya wenyeji haraka kuliko mtu yoyote, leo hakuna sabuni wala kijiko kilicho salama uani. Basi bibi kakaa barazani anasuka ukili, na maneno ya kitabu yote ni ya bibi anamhadithia mjukuu aliporudi skuli. "Leo hakukutokea kitu, mwanangu." Kwenye picha kunguru anaondoka na boflo. "Nimekaa nimetulia." Kunguru anaondoka na kijiko. "Hata mtu hakupita." Kandambili moja inaruka hewani. "Nami sikuona kitu." Na hapo kunguru ana miwani ya bibi mdomoni, ndo mana hakuona. Unapindua, juu ya mwembe kiotani wamo vifaranga watatu vya kunguru wanakula boflo kwa kijiko, mmoja kavaa miwani anasoma gazeti, na maneno chini yake yanasema siku imepita kimya jii.

Hicho kitabu hakina mafunzo. Nimeyatafuta, sikuyaona.

Na lugha nayo, jamani. Kiswahili kimetupa hizi jii na chubwi na pu na fofofo na totoro na pomoni bure, watoto wanazipenda kwa sababu zinalika mdomoni, na mhariri akizikuta anazifyeka aweke "kwa kishindo kikubwa". Mtu akitumbukia majini bila ya chubwi kwa kweli hajatumbukia, kaingia tu. Vitabu vya kutafsiri ndo balaa, utani wa kule umekuja na theluji yake na mnyama wake wa miba anaelala kipindi cha baridi, mtoto wa Mkoani, Pemba, anauliza theluji ni nini, unaanza kueleza friji, mpaka ukimaliza kicheko kishapoa. Wakati tunae kima punju wa msitu wa Jozani, tunae komba anaekunywa tembo la mnazi akalewa akaanguka, tunao popo wa Pemba wakubwa wenye nyuso kama za mbweha wananing'inia miguu juu kule Kidike, na popo anaening'inia kwa kichwa chini keshakupa kichekesho kabla hujashika kalamu, maana mtoto atakigeuza kitabu juu chini ili amuone, na maneno yatakuwa yamepinduka, na mkubwa atashindwa kusoma. Nani atakuwa anajua hapo?

Kile kitabu cha kunawa mikono bado kipo, jalada limeshatoka na pini moja imekwenda. Ijumaa nilipokwenda kwa dada nimekuta mpwa wangu kapata peni ya kaka yake, na ule ukurasa wa maswali, ambao hauna picha hata moja, kamchora paka. Kichwa kikubwa kuliko mwili, miguu mitano, na kando yake mwiba. Mama yake kanuna kwa sababu kitabu cha skuli kinatakiwa kirudi. Mie nimemwambia nitakilipa.